Daraja lipo tayari, njia ya baiskeli na miguu tuiweke wapi? Kuchukua leni, kuning'iniza pembeni au kujenga jingine kando

Kila mada ya foleni ya daraja la Nyali, Mombasa, ikianza lazima atokee mtu aulize mbona hatuwekewi njia ya maana ya baiskeli na miguu pale, na kabla hajamaliza washajitokeza watu wa aina tatu: mmoja asema chukueni leni moja muwape, mwengine asema kwani kuna shida gani kuning'iniza kijia cha chuma kwa nje ya ukingo, na wa tatu asema achaneni na daraja la magari, jengeni daraja dogo la watu kando. Nimeamua nizipange zote tatu hapa pamoja, manake bei zake hazifanani kabisa, muda wake haufanani, na kila moja inaharibikia mahali pake, halafu kuna miji ishajaribu kila moja wapo na twaweza kuangalia iliwaishia vipi.

Mimi niseme mapema nimesimama wapi ili msinitafute: daraja likiwa na leni nne au zaidi mimi naanza na kuchukua leni, kabla mtu hajanunua hata nati moja. Sababu zangu ntazieleza, na ntaeleza pia wapi haiwezekani, manake Kilifi yenye leni mbili si Nyali yenye sita.

Uzito kwanza

Hapa ndo wengi huteleza. Mtu akimwona binadamu na baiskeli yake asema aah hawa ni wepesi, daraja linalobeba malori litashindwaje na watu. Haya, piga hesabu kidogo. Gari dogo la kawaida lina kama tani moja na nusu, na likiwa kwenye foleni linakula eneo la mita 3 kwa mita 6 ukihesabu na ile nafasi ya mbele yake, hio ni mita za mraba 18, gawa utapata kama kilo 83 kwa kila mita ya mraba. Sasa simamisha watu wanne wa kilo 70 kwenye mita moja ya mraba, wala si kubanana sana, ni ile ya watu wakishuka feri Likoni saa kumi na mbili jioni, tayari ni kilo 280. Zaidi ya mara tatu ya magari madogo. Lori la tani 40 ndo linawashinda, hilo kwenye eneo lake linakaribia kilo 800 kwa mita ya mraba, ila malori ni nadra kujaa leni yote kutoka mwanzo wa daraja mpaka mwisho na umati wa watu unaweza. Ndo sababu mainjinia wakihesabu njia ya miguu hawahesabu mtu mmoja mmoja, wanahesabu umati, na kiwango cha Ulaya ni kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba.

Mfano wake mkubwa ni Golden Gate ya San Francisco. Tarehe 24 Mei 1987 walilifunga kwa magari washerehekee miaka 50 ya daraja, watu wakaingia kama laki tatu kwa pamoja, na sakafu ya katikati ikashuka kama mita 2, ile mbinuko yake ya juu ikalala ikawa bapa. Halikuvunjika, lilikuwa bado ndani ya uwezo wake. Lakini magari yote ya miaka 50 hayakuwahi kulifanya hivo, watu na viatu vyao ndo walilifanya.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza si "daraja litabeba?" tu, ni "huo uzito mnauweka sehemu gani ya daraja?" Na hapo ndo hizi njia tatu zinapoachana.

Kuchukua leni

Ukichukua leni, watu wanapita palepale ambapo daraja lilichorwa libebe lori. Hakuna nguzo mpya, hakuna kutoboa, hakuna kuita meli ya kreni. Rangi, kizuizi, alama, taa, kazi ya wiki au miezi. Kitu kizito unachoongeza ni kizuizi chenyewe na hicho nacho msikidharau, zile kuta fupi za zege zinazowekwa katikati ya barabara kuu zina kama kilo 600 kwa kila mita moja, sasa daraja la mita 400 hivi kama la Nyali hio ni tani 240 umeziweka zikae hapo usiku na mchana. Kwa daraja pana la zege lililojengwa vizuri injinia anaihesabu na mara nyingi inapita, manake umetoa malori kwenye hio leni. Kwa daraja linalofunguka kwa ajili ya meli ni shida kweli, kila kilo unayoiweka kwenye ile sehemu inayonyanyuka lazima mitambo iinyanyue, kwa hio huko vizuizi vyepesi vya chuma ndo vinatumika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Burrard Bridge ya Vancouver, Kanada, manake lilikuwa na leni sita kama Nyali. Daraja la 1932. Baiskeli na wapita njia walikuwa wanagombania njia za miguu za pembeni, nyembamba, mtu akiyumba kidogo anaangukia kwenye magari. Mwaka 1996 jiji likafunga leni moja kwa majaribio, na majaribio yakadumu wiki moja tu, wenye magari walipiga kelele mpaka wanasiasa wakarudi nyuma. Baada ya hapo miaka ikapita wanajadili kupanua njia za miguu kwa nje ya daraja, bei inapanda kila wakirudi mezani, na watu wa urithi wa majengo nao wanalalamika daraja litaharibiwa sura. Julai 2009 wakachoka, wakachukua leni moja ya kuelekea kusini wakaiwekea ukuta wa zege, njia ya miguu ya mashariki wakawapa baiskeli zinazokwenda kaskazini, na waenda kwa miguu wakapewa ya magharibi. Ile foleni ya kutisha iliyotabiriwa haikuja. Njia ikabaki, na baadae walipolikarabati daraja wakachukua na leni nyengine ya upande wa pili.

Nachojifunza hapo ni kitu kimoja cha kiutendaji: majaribio ya wiki moja hayapimi kitu. Wiki ya kwanza dereva bado anang'ang'ania njia yake ya kila siku, hajabadilisha saa ya kutoka, hajajaribu kushuka kwenye gari, na yule wa baiskeli bado hajaamini. Ukitaka kuua mradi wa namna hii uupe wiki moja.

Brooklyn Bridge New York nayo ni ya kuangalia. Lilifunguliwa 1883, na ile njia ya mbao ya juu ilikuwa ya wote, watalii wanapiga picha katikati ya njia na baiskeli zinapiga kengele nyuma yao, kila mtu ana hasira na kila mtu ana haki. Walishafikiria kuipanua ile ya juu, gharama na uzito vikawa gumzo, mwisho Septemba 2021 wakachukua leni moja ya magari ya ndani ya kuelekea Manhattan wakaigeuza ya baiskeli za pande zote mbili, na ya juu ikabaki ya miguu. Mvutano wa muda mrefu namna hio ukamalizwa kwa vizuizi na rangi. Malalamiko yaliyobaki ni upana, manake leni ya gari ya enzi hizo ni nyembamba na ndani yake baiskeli zinapishana zinakuja na kwenda.

Ila nisiwauzie hii njia kama haina kasoro. Pale California kuna Richmond–San Rafael, daraja la ghorofa mbili la 1956, wao hawakuchukua leni yenyewe, walichukua ile nafasi ya dharura pembeni ya sakafu ya juu, Novemba 2019, upana wa kama mita 3, na kizuizi chake kinasogezwa na mashine maalum. Nzuri sana, mandhari ya ghuba, watu wa wikendi wakafurahi. Siku za kazi hata hivyo baiskeli zilikuwa chache, daraja lenyewe ni refu sana na lina upepo, na gari likiharibika asubuhi halina pa kukaa, foleni inarudi nyuma mpaka mji wa pili. Mwaka 2025 ikakubaliwa kizuizi kiondolewe siku za mwanzo wa wiki na njia ibaki ya kuanzia Alhamisi mchana mpaka Jumapili usiku. Wapenda baiskeli walikasirika, mimi naona pia ni faida ya hii njia: ulichokiweka unaweza kukisogeza. Jaribu kusogeza nguzo.

Na lile swali la "leni moja ikitoka si tutakwama wote?" Chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, wana makadirio yao: leni ya magari mchanganyiko mjini inapitisha watu 600 mpaka 1,600 kwa saa, ikiwa na mabasi mengi inapanda mpaka kama 2,800, njia ya baiskeli ya pande mbili inafika 7,500 na njia ya miguu ya upana huohuo 9,000. Hio ni uwezo, si ahadi kwamba watajaa. Na kwetu matatu zinabadilisha hesabu, leni yenye matatu zimejaa si sawa na leni ya magari yenye dereva peke yake. Ndo sababu ukichukua leni Mombasa bila kuzipa matatu kipaumbele kwenye zile zilizobaki utakuwa umemnyang'anya abiria wa Kisauni umpe mwenye baiskeli wa Kisauni, na hao wawili ni majirani.

Kuning'iniza kwa nje

Hii ndo inayopendwa kwenye mazungumzo manake haimgusi mtu, magari yabaki na leni zao zote na watu wapate njia mpya. Kwenye picha za kompyuta inatoka nzuri ajabu. Kwangu mimi ndo ya kuogopwa zaidi.

Sababu ni pale nilipoanzia, uzito unakaa wapi. Beba ndoo ya lita 20 karibu na mwili, halafu ibebe kwa mkono ulionyooka pembeni, ndoo ni ileile lakini bega linalia. Kijia kilichotokeza nje ya ukingo kinambebesha yule mhimili wa mwisho zaidi kuliko uzito wake halisi, na kinataka kulipinda daraja upande mmoja. Ukikiweka upande mmoja tu ndo zaidi. Halafu kuna kuunganisha kwenyewe: madaraja ya zege ya namna ya Nyali, la 1980, yana nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege ndo zinazoshikilia kila kitu, na kutoboa mashimo mamia ya boliti karibu na nyaya kama hizo ni kazi ya kufanywa na mtu mwenye ramani za asili mkononi na mashine ya kuona ndani ya zege, si fundi na dirili. Ongeza chumvi ya baharini. Kila boliti ni mahali pa kutu, na kutu ya boliti iliyo nje ya ukingo juu ya maji huioni mpaka uteremshe mtu kwa kamba au uje na boti.

Na hakuna hadithi ya kufundisha hapa kama Auckland, New Zealand. Daraja lao la bandarini lilifunguliwa 1959 likiwa na leni nne, na njia za miguu zilizokuwa kwenye mawazo ya mwanzo zilikatwa ili kuokoa pesa. Miaka kumi tu, 1969, wakaongeza leni mbili kila upande kwa masanduku ya chuma yaliyotengenezwa Japani yakapachikwa pembeni, mpaka leo watu wanayaita vipachiko vya Wajapani. Hio ni leni nne mpya kwa magari, miguu bado hakuna! Masanduku yale nayo yakaja kupata nyufa za uchovu wa chuma, wakatia mamia ya tani za chuma ndani yake kuyaimarisha, na malori mazito yakawekewa masharti.

Sasa juu ya hivyo vipachiko ndo ikaja fikra ya kupachika kijia kingine cha baiskeli na miguu, wakakiita SkyPath. Mwaka 2018 serikali ikataja dola za huko milioni 67. Mwanzo wa 2020, ikiwa sasa ni mradi mkubwa zaidi wenye jina jipya, milioni 360. Mwaka 2021 mainjinia wakaja wakasema nguzo zilizopo haziwezi kubeba hicho kijia bila kazi kubwa mno, na Juni mwaka huo serikali ikatangaza basi tutajenga daraja la kando kabisa, milioni 785. Siku chache kabla ya tangazo, tarehe 30 Mei, waandamanaji wa baiskeli walipenya mstari wa polisi wakavuka daraja kwa nguvu wakidai kitu kimoja, tupeni leni. Oktoba daraja la milioni 785 likafutwa. Angalia vizuri huo mfululizo: wamezunguka njia ya pili, wakaenda ya tatu, zote zikaanguka, na ile ya kwanza iliyokuwa ikidaiwa barabarani ndo waliyoikwepa tangu mwanzo.

Haki itendeke, kuna mahali kuning'iniza kumefaulu. Portland, Oregon, daraja la Hawthorne ni la chuma, la 1910, na mwaka 1999 njia zake za miguu zilipanuliwa zikafika kama mita 3 kila upande, na likawa moja ya madaraja yenye baiskeli nyingi Marekani. Tofauti iko wapi? Pale tayari kulikuwa na njia ya miguu na mikono ya chuma ya kuibeba, wakaipanua, na mhimili wa chuma unaweza kuuona wote, kuukagua, kuuchomelea, kuubadilisha. Kwa daraja la chuma la mtindo huo hii njia si ndoto. Kwa sanduku la zege lenye nyaya ndani mimi sitaki kuisikia mpaka niione ripoti ya uzito, na ripoti ije kabla ya picha za kompyuta, manake picha ikishatoka kwenye magazeti hakuna mwanasiasa atakayekubali ripoti.

Daraja dogo la kando

Hapa hulibebeshi daraja la zamani chochote. Unachora upana unaoutaka, unaweka mahali unapotaka, kelele za malori ziko mbali, moshi uko mbali. Bei ndo hivyo, ni ya daraja zima, na muda ni wa daraja zima, na wadau wote wanakuja, bandari, mazingira, wenye ardhi pande zote mbili.

Sisi Mombasa tunalo somo letu wenyewe, ingawa pale Likoni hakukuwa na daraja la magari bali feri inayobeba zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Wakati wa korona, ili watu wasibanane feri, likajengwa lile daraja la kuelea la miguu kutoka Liwatoni mpaka Ras Bofu, likafunguliwa mwisho wa 2020, kama kilomita 1.2 ukihesabu na nchi kavu, bei shilingi bilioni 1.9. Kujengwa lilijengwa haraka, hilo tuwape. Mambo mawili yalilisumbua. Kwanza ni mlango wa bandari ule, meli lazima zipite, kwa hio sehemu ya katikati ilikuwa inafunguliwa na wakati huo wewe wa miguu ulikuwa unasubiri. Pili na kwangu ndo kubwa, lilikuwa linatua Liwatoni. Matatu ziko feri. Mtu anayetoka Likoni kwenda kazini mjini hafikirii "daraja", anafikiria pale nashukia napata gari au sipati, na mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi hawezi kuongezewa mwendo kwa sababu ramani ilipata nafasi nzuri ya kutia nanga.

Kutua ndo kila kitu kwenye hii njia ya tatu. Chukua daraja la kando ambalo lazima lipae mita 10 juu ya barabara ya kuanzia ili vyombo vipite chini. Mteremko unaofaa baiskeli na kiti cha magurudumu kwa mwendo mrefu ni mita 1 kwa kila 20, kwa hio rampu ni mita 200, kila upande, na hizo mita 200 zinatua juu ya nyumba ya nani? Ukikosa nafasi utaambiwa tuweke ngazi. Sydney kwa miaka mingi sana ilikuwa hivyo, njia ya baiskeli ya Harbour Bridge yenyewe safi, halafu upande wa kaskazini unakutana na ngazi 55, shuka, beba baiskeli begani. Sasa mwambie muuza mikate abebe begani baiskeli yenye kreti mbili za mikate nyuma!

Kuna na jambo la mtikisiko. Daraja la watu likiwa jepesi na refu hatua za watu zinaweza kulichezesha. London walifungua Millennium Bridge tarehe 10 Juni 2000, la miguu tupu, na likaanza kuyumba kushoto kulia watu wakiwa juu, kadri linavyoyumba ndo watu wanavyotanua miguu wajishike na kuzidi kulisukuma. Baada ya siku mbili likafungwa, likafunguliwa tena 2002 baada ya kuwekewa vizuia mtikisiko chini yake. Leo kila anayechora daraja la miguu anajua hilo, ila maarifa hayo nayo yana bei na yanaingia kwenye bajeti yako. Na kijia cha kuning'iniza chembamba kinaweza kupatwa na yaleyale, msidhani ni la kando tu.

Vitu vidogo vinavyofanana kote

Chochote utakachochagua, upana chini ya mita 3 kwa njia ya pande mbili inayochanganya baiskeli na miguu ni kutafuta ugomvi. Usukani wa baiskeli ni kama sentimita 65, ukuta au reli hakuna anayeupita karibu kwa kuugusa kwa hio kila upande unapoteza kama nusu mita, zinazobaki ndo za kupishana. Daraja la Kigamboni Dar, lililofunguliwa 2016, lilichorwa tangu mwanzo likiwa na leni sita za magari na mita 2.5 kila pembeni za miguu na baiskeli, na hio ni mita 2.5 kwa kila upande wa daraja, si moja ya kugawana. Kuiweka mwanzoni namna hio ndo bei rahisi kuliko zote tatu ninazozilinganisha hapa, ila tukizungumzia daraja ambalo lishajengwa hio treni ishaondoka.

Reli ya pembeni: kwa mtu anayetembea urefu wa mita 1.07 unatosha, kwa aliye juu ya baiskeli kiuno chake kiko juu zaidi, ukipata mita 1.4 hasa pale penye upepo chukua.

Halafu viungio. Kila daraja refu lina pale sakafu inapoachana kidogo ili zege lipate pa kupanukia jua likiwaka, tairi la gari halijui, tairi jembamba la baiskeli linazama kwenye ule mwanya na mpanda anaruka mbele. Dawa ni bamba la chuma lenye makwaruzo linalofunika mwanya kwenye upana wote wa njia, si laini, manake bamba laini likilowa umande wa asubuhi ni sabuni. Hii ni kazi ndogo sana na ndo inayosahaulika kila mahali, hasa ukichukua leni, kwa sababu kila mtu anadhani leni ishakuwa tayari.

Sasa uchague ipi

Daraja lenye leni mbili tu, moja kwenda moja kurudi, kama lile la Kilifi la 1991, usipoteze muda na habari ya kuchukua leni, utaishia kuwapitisha magari kwa zamu kwenye barabara kuu ya kwenda Malindi. Pale uchaguzi ni kati ya kupanua pembeni na la kando, na ningeanza na ripoti ya uzito ya daraja lililopo kabla ya kuchora chochote. Ripoti ikisema hapana, basi subiri siku barabara ikipanuliwa na daraja la pili likaja, upigane njia iwe ndani ya ramani kuanzia siku ya kwanza, manake huko ndo mita 2.5 inapatikana karibu bure.

Daraja la chuma la mihimili ya wazi lenye njia ya miguu nyembamba tayari, panua, fuata Portland.

Mahali ambapo safari za watu haziendi hata kidogo na njia ya magari, yaani watu wanataka kuvuka mahali pengine kabisa, hapo la kando lina maana, na pesa ya kwanza itumike kuuliza watu wanashukia wapi.

Nyali ni leni. Sita zipo. Upande wa bara una Kongowea, soko kubwa, upande wa kisiwa unateremkia Buxton na mji wenyewe uko hapohapo, yaani pande zote mbili watu wanatua pale wanapokwenda, tatizo la Liwatoni halipo. Leni moja ya pembeni, vizuizi vya plastiki vya kujaza maji kwanza kwa sababu ni vyepesi na vinaondoleka, miezi sita si wiki moja, matatu zipewe leni yao kwenye zile za upande wa mji wakati wa asubuhi, na kinachohesabiwa kiwe watu wanaovuka, si magari. Zile njia za miguu zilizopo ziachiwe wanaotembea.

Shida ambayo Vancouver hawakuwa nayo ni boda na tuktuk, manake leni tupu pembeni ya foleni ya saa mbili asubuhi, boda ataiona kama amewekewa yeye. Tuktuk unaizuia kwa vigingi mwanzo na mwisho wa njia, yenyewe ina upana wa kama mita 1.3 kwa hio ukiacha nafasi ya mita 1.2 haiingii na kiti cha magurudumu kinapita vizuri. Boda inapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Na mkokoteni wa Kongowea wenye magunia ya vitunguu, ambao ndo ungefaidika kuliko wote kutolewa katikati ya malori, nao unakwama na tuktuk. Kwa hio mimi ningeacha kigingi kimoja cha kufunguliwa kwa ufunguo kwa ajili ya mikokoteni, na askari wa kaunti wa kusimama pale miezi ya mwanzo kwa ajili ya boda, na mshahara wa huyo askari uandikwe kwenye bajeti ya mradi palepale penye rangi na vizuizi.